Mtani Aliyeuteka Uvimbe

Mwenyekiti alisema sifuri, na Mwenyekiti akishasema, kikao kimefungwa.

Jina lake la serikali lilikuwa refu, limegongwa kwenye kibati mlangoni, lakini hospitali nzima ya Kilimatanga ilimwita hivyo tu, kuanzia daktari bingwa hadi mama muuza uji. Alikuwa kabati la chuma cheupe, refu kama jokofu, lenye jicho moja na sauti ya mzee wa kanisa anayesoma matangazo. Unampa uvimbe uliotolewa kwenye titi la mtu. Anaukata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, anavipaka rangi, anavitazama, halafu anakwambia uvimbe huo unakula nini.

"Oliva Kihwele," alisema asubuhi ile. "Vipokezi vya estrojeni, sifuri. Vipokezi vya projesteroni, sifuri. Tiba kali. Kuanza kesho asubuhi. Ahsanteni kwa utulivu wenu."

Chini, kwenye chumba cha dawa, mitambo ikaanza kunguruma. Dawa ya Oliva ilikuwa imeinjikwa.

Zuhra Makame, mkuu wa maabara ile, alikuwa peke yake, kwa hiyo huo utulivu ulikuwa wake. Alichukua kioo chenye kipande cha uvimbe akakiweka kwenye hadubini yake mwenyewe, ya kizamani, aliyokuja nayo kutoka Pemba ndani ya sanduku la nguo. Hakuna aliyemwagiza. Macho ya watu yalikuwa yameondolewa kazini muda mrefu. Zamani watu walipimwa na kupimwa tena hadi wapate jibu wanalolipenda, na wenye wajomba mjini walipimwa zaidi, mpaka taifa likachoka likaamua: uvimbe mmoja, kipimo kimoja, jibu moja. Zuhra alitazama kwa mazoea tu, kama mtu anayefunika sufuria ambayo tayari imefunikwa.

Seli za saratani zilikuwa buluu tupu. Zenye vipokezi, yaani midomo ya kulia homoni, viini vyake hushika rangi ya kahawia. Hizi hazikushika hata chembe. Sawa, hutokea. Kuna uvimbe usiotaka homoni kabisa.

Halafu akasogeza kioo pembeni, palipobaki nyama nzima isiyo na ugonjwa. Pale pana vimirija vya maziwa. Kila mwanamke anavyo, na hata awe mzima wa afya, viini vya vimirija hivyo havikosi kahawia hapa na pale.

Buluu tupu.

Ni sawa na kupiga hodi kwenye nyumba, mlango wa mbele kimya, wa nyuma kimya, jikoni kimya. Hapo husemi watu wa nyumba hii hawapendi wageni. Unasema, jamani, humu hamna mtu.

"Mwenyekiti," Zuhra akaita. "Umeviona vimirija?"

"Nimeagizwa kuhesabu seli za saratani."

"Na hizi za pembeni yake?"

"Si ajenda."

Zuhra akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Uvimbe ukitoka mwilini unatakiwa uingie kwenye dawa ya fomalini upesi, ndiyo inayogandisha kila kitu pale kilipo. Ukichelewa kwenye joto, vipokezi vinaoza kabla ya kuulizwa swali. Huu ulikuwa umechelewa. Na njia ya kutoka chumba cha upasuaji hadi maabara ni korido moja, unaimaliza hujamaliza kutafuna karanga.

Akafungua kumbukumbu za kigari. Hicho ni kigari kidogo chenye magurudumu ambacho hubeba uvimbe, na kwa sheria lazima ndugu wa mgonjwa atembee nacho, ili uvimbe wa mtu usije ukabadilishwa na wa mtu mwingine. Kigari kilitoka upasuaji watu wakinywa uji. Kilifika maabara watu wameshakula ugali na kusinzia. Kati ya uji na ugali, kamera yake ilikuwa imenasa uso mmoja mkubwa, wenye kofia ya manyoya, ukiinama na kusema kwa furaha kubwa:

"Sasa wewe umetekwa."

*

Oliva Kihwele alikuja mchana huo, mkono mmoja ameushikiza kifuani juu ya bandeji. Kazi yake ilikuwa kuyabembeleza matrekta yanayojiendesha pale yanapogoma katikati ya shamba, na alikuwa na ile subira ya mtu aliyezoea kubishana na chuma. Nyuma yake aliingia yule wa kofia ya manyoya, jirani yake, Gervas Tawete, mkulima wa parachichi, mwili kama mlango wa ghala.

"Kamwene, mwanangu," Oliva akamsalimu Zuhra. "Umetuita, nimekuja na mfungwa wangu."

"Mimi ndiye niliyemleta," Tawete akasema. "Mhehe ukimwacha atafute njia mwenyewe, utamkuta kilabu cha ulanzi."

"Babu zake Wangoni walitimua mbio mpaka Songea bila kuchagua viatu, leo ananifundisha njia."

"Hatukukimbia. Tulikuwa tunawatafuta nyinyi, mkawa mmejificha."

"Kaeni," Zuhra akasema.

Wakakaa. Tawete akakaa kwenye kiti kilichokuwa cha Oliva, Oliva akamvuta sikio, akahama.

"Mzee Tawete, ule uvimbe ulikaa na nani siku ya upasuaji?"

"Na mimi," Tawete akajibu, na kifua kikapanda. "Niliuteka. Kigari kiliniuliza, wewe ni nani kwa mgonjwa? Nikasema mtani. Kikasema hicho hakipo, chagua ndugu, mwenza au mlezi. Nikachagua ndugu, Mungu anisamehe, mimi ndugu wa Mhehe. Nikaenda nacho uani kwenye jua, walipokaa jamaa zake wameinama kama wamefiwa. Nikawaambia, ndugu yenu yuko mikononi mwa Wangoni, na hatoki bila jogoo."

"Wakatoa?"

"Wakaleta kifaranga. Nikawaambia huyo mlee kwanza. Wakaenda wakaazima jogoo wa mlinzi, ana chongo, nikakataa. Shangazi yake akapiga magoti, akanitukana huku kapiga magoti, ndipo nikampokea jogoo. Ilikuwa siku nzuri sana."

"Na wewe, mama, ulijua?"

"Walinipigia simu ya picha niko bado kitandani," Oliva akasema. "Nikauona uvimbe wangu umevalishwa kofia ya Mngoni. Mwanangu, tangu waniambie nina saratani, nyumbani kwangu watu walikuwa wananong'ona. Hata sahani zilikuwa zinanong'ona. Siku ile nilicheka mpaka mshono ukavuta, nesi akanifuata na sindano. Ndiyo kazi ya mtani. Ndugu yako hawezi kukuchekea msibani kwako, atakosa adabu. Mtani anaweza."

Zuhra alitamani mtu mwingine aje aseme kilichobaki. Hakuja mtu.

"Pale kwenye jua," akasema polepole, "uvimbe ulianza kuharibika. Mwenyekiti alipouuliza unakula nini, haukuwa na mdomo wa kujibia. Amesema hauli homoni. Mie nasema hajui, na mie sijui, na kesho asubuhi mama anaanza tiba kali."

"Inafanyaje hiyo tiba kali?" Oliva akauliza.

"Inachoma. Inachoma saratani, nywele, utumbo, kila kinachokua haraka. Kama uvimbe wako hauli homoni, ndiyo dawa yako, tutashukuru. Lakini saratani nyingi za umri wako zinakula homoni, ile estrojeni. Kama nao ulikuwa unakula, utachomwa kwa faida ndogo, na mbegu zilizojificha mwilini zitaendelea kula taratibu mpaka zirudi. Wakati zingenyimwa chakula kwa kidonge kimoja kwa siku. Na ukishaanza tiba kali, jalada linafungwa. Kidonge hupewi tena maishani."

Tawete alivua kofia.

"Kata kipande kingine basi," akasema. Sauti ilikuwa imemshuka.

"Umetoka wote, mzee, na wote ulikaa juani. Lakini ipo tezi ya kwapani. Daktari aliitoa siku ileile, na kwa kuwa ni ndogo akaitumbukiza kwenye fomalini palepale mezani, haikupanda kigari. Ndani yake mna punje ya saratani ileile. Hiyo haijatekwa na mtu."

"Ipime."

"Uvimbe mmoja, kipimo kimoja. Labda Mwenyekiti afungue kikao tena."

"Mwambie afungue."

"Ndiyo maana nimewaita."

*

Walisimama watatu mbele ya kabati. Tawete alijipangusa viatu kwa nyuma ya suruali, kila mguu kwa zamu yake, kama anaingia baraza la mkuu wa wilaya.

"Ombi la kurudia kipimo, Oliva Kihwele," Zuhra akasema. "Uvimbe ulicheleweshwa njiani."

"Sababu ya kuchelewa?"

"Utani."

Jicho la Mwenyekiti likapepesa.

"Neno limetafutwa. Utani ni maneno ya kuchekesha. Maneno hayacheleweshi kigari. Chagua sababu: wizi, uzembe, hujuma."

"Ni desturi," Oliva akaingilia. "Wahehe na Wangoni walipigana sana zamani, mpaka wakachoka. Sasa tunatukanana na kuzikana. Anaruhusiwa kunichukulia kitu changu mpaka nikikomboe."

"Uliridhia akichukue?"

"Sikuridhia. Ningeridhia ungekuwa utani gani?"

"Kuchukua bila ridhaa ya mwenyewe ni wizi."

"Si wizi, angerudisha."

"Ulikasirika?"

"Sana."

"Ulicheka?"

"Sana."

 Ndani ya kabati feni ikaanza kuzunguka.

"Mlalamikaji anayecheka hayumo kwenye utaratibu," akasema. "Ili ombi lisikilizwe, taja mkosaji mmoja na kosa lake. Wizi, mkosaji anafungiwa milango ya hospitali zote nchini. Uzembe, mtumishi anafutwa kwenye maabara zote nchini. Hujuma ya mgonjwa mwenyewe, mgonjwa anapoteza haki ya tiba. Dirisha la maombi linafungwa dawa ikiiva."

Dawa ilikuwa karibu kuiva; harufu yake kali ilianza kupanda kwenye ngazi.

Sasa, Tawete hakuwa na figo. Alikuwa nazo mbili za kuonyesha, lakini kazi yao ilikuwa inafanywa na mtambo wa chujio uliokuwa jengo la pili, ambako alilala kila wiki akiwasimulia manesi uongo. Akifungiwa milango, parachichi zake zingeendelea kuiva na yeye asingekuwepo kuzichuma. Oliva alijua. Ndiyo maana alimkanyaga mguu pale alipomwona anavuta pumzi.

"Nyamaza," akamnong'oneza. "Wewe huwezi kuiba hata usingizi."

"Wangoni tumeiba makubwa zaidi ya hili."

"Mkafa wote. Nani atanizika mimi? Shangazi yangu hajui hata tusi moja la maana."

Zuhra hakuwasikiliza. Alikuwa anatazama rafu. Kikopo cha uvimbe kilikuwa hapa, kikopo cha tezi pale, na juu ya kila kimoja kibandiko cha namba. Angeomba wageni wakanywe chai. Angebandua kibandiko hiki akabandika pale, angemwambia Mwenyekiti kioo kilivunjika, na hilo lilikuwa linaruhusiwa, kioo kikivunjika anatazama kingine cha kikopo kilekile bila maswali. Mama angepimwa vizuri. Mzee angebaki na chujio lake. Yeye mwenyewe angebaki na ajira yake. Uongo mmoja, mdogo, wenye huruma, na asingeumia mtu.

Aliufikiria kwa uzito. Vidole vilishafika kwenye rafu. Kilichomrudisha hakikuwa jambo kubwa: aliwaza kuhusu mgonjwa wa kesho. Kesho angeletwa mwingine, na jibu lake lingetegemea kibandiko, na Zuhra angekuwa ndiye mtu pekee duniani anayejua kwamba kibandiko cha Kilimatanga hubanduka mtu akihurumiwa. Basi hapo hata jibu la kweli lingekuwa na doa. Akarudisha mkono, akauweka mfukoni ili usije ukabadili mawazo.

Alipogeuka, Tawete alikuwa tayari mbele.

"Wizi," alisema. "Gervas Tawete. Niliuchukua, nikaukalisha juani, nikaona sifa. Funga milango yako."

"Imepokelewa. Sauti haina uongo. Wizi, Gervas—"

"Ngoja," Oliva akasema. "Andika hujuma. Walinipigia simu nikiwa macho, nikauona uko juani. Ningesema neno moja tu, urudisheni, ungerudi. Sikusema. Nilisema mwongezee na tai."

"Imepokelewa. Sauti haina uongo. Hujuma, Oliva—"

"Na uzembe," Zuhra akasema.

Wote wawili wakamtazama.

"Kanuni inasema anayepokea kigari aguse boksi kama lina baridi, na aulize kama limechelewa. Huyu mzee alipoingia mlangoni alikuwa amebeba jogoo kwapani, anamwambia boksi kwaheri. Mie nilikaa chini nikacheka. Sikugusa, sikuuliza." Akatoa mkono mfukoni. "Zuhra Makame. Uzembe."

"Imepokelewa. Sauti haina uongo."

Feni ikaongeza kasi. Kabati likatoa mlio kama tumbo la mtu mwenye njaa.

"Kosa ni moja," Mwenyekiti akasema. "Wakosaji ni watatu. Wote wakweli. Tafadhali wawili wakane."

Watatu wale wakasogeleana.

"Kukana kunaruhusiwa," akaongeza, na sauti ya mzee wa kanisa ikawa na kawoga fulani. "Watu wengi hukana. Utaratibu umeandaliwa kwa ajili ya kukana. Nina maswali mazuri ya watu wanaokana."

"Hatukani," Tawete akasema.

"Mmoja basi."

"Mwanangu," Oliva akamnong'oneza Zuhra, "usimguse. Huyu ni kama trekta, anazungusha gurudumu moja kwenye tope. Hapa mtu hasukumi."

Wakangoja. Waliomtengeneza Mwenyekiti walikuwa watu makini, waliwaza kila namna ambavyo binadamu anaweza kukwepa lawama, wakaziba kila tundu. Halikuwajia wazo kwamba siku moja watu wangekuja kuigombea lawama. Kule chini kengele ya chumba cha dawa ikalia mara ya kwanza, ile ya kuonya.

"Mkosaji mmoja hakupatikana," Mwenyekiti akasema hatimaye, upesi upesi, kama anayetaka watu watoke. "Pasipo mkosaji, hakuna adhabu, kosa ni la kipimo. Kipimo kinafutwa. Kipimo kirudiwe. Ahsanteni kwa utulivu wenu."

"Na vimirija," Zuhra akasema papo hapo. "Andika, kuanzia leo, kabla ya kusema sifuri unatazama nyama nzima ya pembeni. Nayo ikiwa kimya, husemi kitu, unaniita."

"Ni ajenda mpya?"

"Ni ajenda mpya."

"Imeingia."

*

Tezi ilikuwa ndogo kama punje ya njegere. Mwenyekiti aliikata, akaipaka rangi, na hakuna aliyetoka nje, hata Tawete ambaye alikuwa na zamu ya chujio. Zuhra hakukisubiri kinywa cha Mwenyekiti. Alichukua kioo kingine cha tezi ileile, akakiweka kwenye hadubini yake, akainama.

Akasogeza kioo taratibu, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Unaona nini?" Oliva akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake isiwe na mzaha wowote ndani yake.

Zuhra akasimama, akamwachia kiti. "Tazama mwenyewe, mama. Usiguse meza."

Oliva akainama na bandeji yake, akafumba jicho moja. Ndani ya duara la mwanga kulikuwa na vidoa, vingi, vimejazana kama maharage yaliyomwagwa, na karibu vyote vilikuwa kahawia.

"Vipokezi vya estrojeni, asilimia tisini," Mwenyekiti akatangaza. "Tiba kali imeondolewa. Kidonge, kimoja kwa siku, miaka kumi."

Mngurumo wa chini ukakatika. Hospitali ikawa kimya kiasi cha kusikia mtu akiburuta ndala korido ya pili.

Oliva alitoa jicho kwenye hadubini akamgeukia Tawete, akangoja. Pale ndipo mtani anaposema. Neno lolote lingefaa, hata la kijinga. Tawete akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena.  Machozi yakaanza kumshuka usoni, na ule uso ulikuwa mpana, yalikuwa na safari ndefu.

"Haya," Oliva akasema taratibu. "Mngoni analia. Zuhra mwanangu, hicho kigari chako kina kamera? Kilete. Songea lazima waione hii kabla hajajipangusa."

"Silii."

"Unavuja."

"Ni hiyo dawa yenu, inawasha macho." Akajipangusa kwa kiganja, akavuta kamasi, akamtazama Oliva kutoka juu hadi chini kama anayetafuta mahali pa kushika. "Kidonge kila siku," akasema, na sauti ikaanza kurudi mwilini. "Miaka kumi. Wewe. Mtu ambaye ng'ombe wake wanalala kwangu kwa sababu kila jioni anasahau kufunga geti."

"Ndiyo maana utakuwa unakuja kunikumbusha."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki. Uje ugonge mlango, uniamkie kwa adabu, usimame hapo nje mpaka nimeze. Ukichelewa siku moja nikafa, utanizika, halafu nitakusumbua."

Tawete akaivaa kofia yake, akaivuta chini mpaka kwenye nyusi.

"Mwanangu," akamwambia Zuhra, "hicho chombo chako hakiwezi kurudi kwenye sifuri?"